Tathmini: usiku wa kabareti na baleski, na mtazamaji ndani yake

Kabla hujauliza nani anapanda jukwaani, uliza kiti chako kiko wapi. Katika usiku wa kabareti shirikishi, yaani onyesho la muziki, dansi na mzaha ambalo watazamaji nao huchezeshwa, kiti ndicho kinachoamua utapata onyesho la namna gani. Meza zinazopakana na jukwaa huuzwa ghali kuliko zote, na mara nyingi tangazo husema tu kwamba utakuwa "karibu na wasanii", bila kueleza ukaribu huo una maana gani. Maana yake ni kwamba utasemeshwa. Utashikishwa glavu ambayo bado ina joto la mkono, manyoya yatapitishwa shingoni mwako, na ukiwa umekaa pembeni mwa njia huenda ukaombwa kupanda juu. Anayeyapenda hayo hajapoteza pesa. Asiyeyapenda amelipa bei ya juu ili akae roho juu kwa saa mbili.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza tunapendekeza safu ya tatu au ya nne, katikati ya safu, mbali na njia. Hapo unauona uso wa msanii, na uso ni nusu ya mchezo wenyewe, lakini mkono wake haukufikii. Tahadhari moja: kumbi nyingi za kabareti zina sakafu tambarare na viti vya kuhamishika, si viti vilivyopandishwa kama ngazi. Jukwaa la sentimita 30 likikutana na sakafu tambarare, kila kinachochezwa kwa kupiga magoti au kulala hupotea kuanzia safu ya tatu, na baleski ina mengi yanayochezwa chini. Jukwaa la sentimita 60 hadi 90 huliondoa tatizo hilo. Ofisi ya tiketi inayojua kazi yake itakutajia urefu ukiuliza. Ikishindwa, chukua kiti cha mbele kwenye roshani. Utapoteza vitu vidogo vya usoni, lakini michezo ya hewani, ya kitambaa au pete inayoning'inia, utaiona ukiwa usawa mmoja na mchezaji.

Baleski, kwa asiyelizoea jina, ni sanaa ya jukwaani ya kuvua vazi kipande kwa kipande, kwa muziki, kwa madaha na kwa mzaha. Mzaha huo ndio uliotangulia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiitaliano burla, yaani dhihaka, na Lydia Thompson alipovuka kutoka Uingereza hadi New York mwaka 1868 na kundi lake, walikwenda na igizo la kukejeli ngano za Wayunani, wanawake wakishika nafasi za wanaume, miguu ikionekana ndani ya soksi za kubana, huku wakichomeka vijembe kuhusu mambo ya siku zile. Kuvua nguo kulishika usukani baadaye. Ndiyo maana kipimo chetu cha kwanza si kiasi cha ngozi kinachoonekana, bali wazo. Katika michezo minane, kama hakuna angalau mitatu unayoweza kumsimulia mtu kwa sentensi moja (karani wa benki anayehesabu vifungo vya shati lake kama noti, bibi harusi anayefungua zawadi, na kila zawadi inamvua kitu), basi umeuziwa gwaride la mavazi. Mavazi yanaweza kuwa mazuri sana, lakini kufikia mchezo wa tano utakuwa umeanza kutazama saa.

Usiku uliopangika hukaribia saa mbili, mapumziko ya dakika 20 yakiwemo. Michezo huwa minane hadi kumi, ya dakika nne hadi sita kila mmoja. Zaidi ya hapo msanii huishiwa cha kuvua na huanza kurudia mzunguko uleule. Kati ya mchezo na mchezo mshereheshaji hushika maikrofoni dakika mbili au tatu, na hapo usidhani anajaza muda. Nyuma yake kuna msaidizi wa jukwaa anayeokota glavu na sketi, anafagia chembe zinazometameta, kisha anapapasa sakafu kwa kiganja kutafuta shanga. Shanga moja iliyobaki inatosha kumwangusha mchezaji wa viatu virefu anayefuata, na tone la mafuta ya mwili linatosha kumtelezesha anayecheza pekupeku. Msaidizi huyo ndiye tunayemtazama kwanza tukitaka kujua usiku umeandaliwa na watu gani. Akiokota kwa fujo, akaacha vitu, akasahau kiti alichotakiwa kukiweka, ujue hakukuwa na mazoezi ya pamoja. Wasanii wamekutana jioni hiyohiyo.

Sasa glavu, kwa sababu ukiielewa glavu umeielewa baleski nzima. Glavu ndefu ya satini hupita kiwiko. Msanii huanza kwa kulegeza kidole kimoja kimoja, kidogo tu kila kimoja, akimtazama mtu mmoja ukumbini na si umati wote. Kisha hubana ncha ya kidole cha kati kwa meno na kuurudisha mkono nyuma polepole, hadi satini inapoanza kujikunja kiwikoni. Hapo anasimama. Kusimama huko ndiko kunakolipiwa tiketi. Ukumbi ukipiga kelele anaendelea. Ukinyamaza anairudisha juu kidogo, na hapo kelele huja zenyewe. Glavu moja ikichukua sekunde 30 hadi 40, umepata msanii anayejua kazi. Gypsy Rose Lee alijenga jina lake Marekani kwa ukawiaji wa namna hiyo pamoja na maongezi ya kuchekesha, na wengi waliovua zaidi yake wamesahaulika.

Glavu hukwama kwa sababu tatu ambazo ni rahisi kuzitambua ukiwa kitini. Ya kwanza ni jasho: taa zina joto, kiganja kinalowa, kitambaa kinang'ang'ania. Ya pili ni pete iliyosahaulika kidoleni. Ya tatu ni bangili iliyovaliwa juu ya glavu, kwa hiyo kitambaa kinapojikunja hukutana na chuma. Msanii mchanga huvuta kwa nguvu, uso unabadilika, na ukumbi mzima unaona kwamba kuna shida. Mkomavu humshushia mkono mtazamaji wa meza ya mbele na kumwachia ncha ya kidole aivute yeye. Kosa limegeuka kuwa mchezo, na mara nyingi ndilo jambo ambalo watu hulisimulia wakitoka.

Kozeti, lile vazi gumu la kubana kiuno, ina mtego wake. Mbele hufungwa kwa vyuma viwili vinavyoshikana kwa vishikizo vitano au sita, nyuma kwa kamba. Ili vishikizo viachie, ni lazima pande mbili zibanwe moja juu ya nyingine kwanza, na hilo haliwezekani kamba za nyuma zikiwa zimekazwa hadi mwisho. Ukimwona msanii anageuka, anacheza mgongo wake huku mkono ukichezea kamba, mara nyingi hiyo si pambo la bure: anailegeza. Anayeruka hatua hiyo utamwona anapambana mbele ya watu, na vyuma vikipinda vazi la gharama limeharibika. Zipu nazo hula kitambaa laini, ndiyo maana washonaji wazoefu wa mavazi haya hupendelea vifungo vya kubana vya chuma kwenye sketi.

Vifuniko vya kifuani vyenye matamvua hushikizwa kwa tepu ya kunata pande mbili au gundi ya ngozi, na adui yake ni losheni, mafuta na jasho. Ngozi isiposafishwa kwa spiriti kabla ya kubandika, kimoja huanza kuinuka pembeni katikati ya mchezo. Ikitokea, mtazamaji mstaarabu hupiga makofi vilevile. Kuzungusha matamvua yenyewe ni ufundi wa magoti na mabega: mwili unapandishwa na kushushwa kwa midundo mifupi, na uzito mdogo ulio mwishoni mwa tamvua ndio unaobeba mzunguko. Anayeweza kuyazungusha upande mmoja kulia na mwingine kushoto ametumia miezi mbele ya kioo. Mpigie kelele kwa hilo.

Mchezo wa pepeo mbili za manyoya ya mbuni, uliompa Sally Rand umaarufu kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933, ni wa hesabu tupu: upepeo mmoja haufunguki kabla mwingine haujaziba. Kiyoyozi kinachopuliza kutoka juu ya jukwaa huuvuruga, maana manyoya hupinda na mahesabu hupotea. Waandaaji wanaojali hukizima kwa dakika hizo tano.

Taa tutazipita haraka. Rangi za kaharabu na waridi hafifu huipa ngozi uhai. Mwanga mweupe wa moja kwa moja huilaza bapa, na buluu peke yake huifanya ionekane kama majivu. Mwanga wa kutoka pembeni ndio unaoamsha shanga na vimetameta. Ukiona mavazi ya kung'aa yamefifia, usimlaumu mshonaji.

Muziki unastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndio tofauti kubwa kati ya usiku mzuri na usiku wa kukumbukwa. Rekodi ya dakika nne na sekunde kumi huisha kwa dakika nne na sekunde kumi, hata kama kishikizo kimoja bado hakijaachia. Tunajua jinsi ukumbi unavyokosa pumzi pale wimbo unapofika mwisho na sketi bado iko kiunoni. Bendi haina tatizo hilo. Mpiga ngoma humtazama msanii nyonga na mikono, si karatasi. Kila mtikiso anaupa kishindo chake, na jambo likikwama anaendelea kuviringisha ngoma hadi liachie, kisha anapiga matoazi. Hata wapigaji watatu, ngoma, besi na saksafoni, wanatosha. Ukilinganisha matangazo mawili yenye bei zinazokaribiana, chagua lile lenye neno bendi.

Tuje kwenye ushiriki wenyewe, ambao ndio sababu ya watu wengi kukata tiketi na ndio unaowatisha wengine. Mtazamaji kuwa sehemu ya mchezo si uvumbuzi wa juzi. Mwimbaji Aristide Bruant alipochukua nyumba ya zamani ya kabareti ya Le Chat Noir pale Montmartre, Paris, mwaka 1885 na kuiita Le Mirliton, wateja wa tabaka la juu walikwenda kwa hiari yao kutukanwa naye, na walilipa. Jambo la kuzingatia hapo ni hiari: sifa ya nyumba ilijulikana mjini, na anayeingia alijua anachokwenda kupata. Mahali pengine sheria ilikuwa kali hata kwa msanii. Katika ukumbi wa Windmill, London, kwenye miaka ya 1930, wanawake waliruhusiwa kuonekana uchi mradi wasimame kama sanamu bila kutikisika, na maneno ya michezo ya jukwaani Uingereza yalipaswa kupitishwa na mkaguzi hadi mwaka 1968. Msanii kumsemesha mtazamaji papo hapo, bila maandishi, ni uhuru uliopatikana kwa taabu. Tunapenda uone ukitumika vizuri.

Kutumika vizuri kuna ngazi. Ngazi ya chini ni kelele, na mshereheshaji huifundisha katika dakika tano za mwanzo: sauti moja kwa kipande kinachovuliwa, nyingine kwa ufundi, kimya kwa tukio la hatari kama upanga au moto. Ukumbi usiofundishwa huduwaa, kwa sababu watu wamelelewa kukaa kimya kwenye maigizo. Juu yake kuna kujibu swali, kisha kushika kitu, kisha kupanda jukwaani. Kila ngazi inahitaji ridhaa yake. Aliyekubali kushika glavu hajakubali kukaliwa mapajani.

Njia tuliyoiona ikifaa kuliko zote ni utepe wa mkononi wa rangi mbili au tatu unaotolewa mlangoni: mmoja wa "nichezeshe", mmoja wa "nisemeshe tu", mmoja wa "niache nitazame". Mahali pasipo na utepe, ua mezani linatosha, lililosimama au lililolazwa. Msanii akishuka ukumbini husimama umbali wa mkono, anafungua kiganja na kungoja. Ukiweka mkono wako, mchezo unaanza. Ukikunja mikono kifuani, anapita kana kwamba alikuwa anakwenda kwa jirani tangu mwanzo, na hakuna anayegundua.

Kwa kupanda jukwaani kuna kanuni moja ambayo waandaaji wengi huikosea: swali lililoulizwa kwenye maikrofoni si swali. Macho ya watu mia mbili yakikugeukia, utasema ndiyo hata kama tumbo linasema hapana. Mshereheshaji mwenye busara huzunguka wakati wa mapumziko, maikrofoni imezimwa, anazungumza na watu wawili watatu, anawaeleza kitakachotokea na kuwapa nafasi ya kukataa bila shahidi. Kipindi cha pili anaigiza kama anachagua papo hapo. Hakuna udanganyifu ndani yake. Aliyepanda anacheza vizuri zaidi akijua kwamba atakaa kwenye kiti, mikono magotini, kwa dakika tatu, na kwamba atashikwa mkono kushuka ngazi kwa sababu taa zitakuwa machoni mwake.

Makosa huja kwa sura zinazojirudia. Kumchagua mwenye haya kuliko wote ili ukumbi ucheke: kicheko kinapatikana, lakini kuanzia hapo kila mtu anaogopa kukutana macho na msanii, na kipindi chote cha pili kinapoa. Kumchagua aliyelewa: yeye hujitolea mwenyewe, na ndiye atakayenyoosha mkono pasipostahili. Kumtenga mmoja wa wapenzi wawili bila hata kumtupia jicho mwenzake. Kurefusha tukio la dakika tatu hadi kumi kwa sababu watu bado wanacheka. Na mzaha juu ya mwili wa mtu, unene, umri, ulemavu, ambao katika sanaa iliyojengwa juu ya kila mwili kujiona mrembo ni kuvunja nyumba kutoka ndani. Tukisikia mzaha huo hata mara moja, tathmini yetu hushuka, hata wasanii wawe hodari namna gani.

Ridhaa ni njia mbili. Macho hayana pazia, mikono inayo. Msanii akipita kando yako akiwa amebaki na vazi dogo, si mwaliko wa kumgusa. Njia kati ya meza inapaswa kuwa na angalau sentimita 90, lakini meza husogea usiku unavyokolea, kwa hiyo sukuma mkoba wako chini ya kiti na uvute miguu ndani. Kisigino kirefu kikinasa kwenye mkanda wa mkoba, msanii anaanguka na onyesho linaishia hapo. Simu iwe mfukoni. Nyumba nzuri hubandika kibandiko juu ya kamera mlangoni, nasi tunalikubali hilo kwa moyo wote: baadhi ya wasanii hawa mchana wana ajira nyingine kabisa, na picha moja mtandaoni inaweza kuwagharimu. Kwa kawaida kuna mahali pa kupiga picha nao mwishoni, wakiwa wamejiandaa.

Mambo machache ya kuuliza kabla ya kulipa. Je, kuna moshi wa jukwaani? Wenye pumu wakae mbali na mashine yake, ambayo mara nyingi huwekwa pembeni chini. Je, kuna taa za kuwaka na kuzima haraka? Manyoya mengi? Je, wahudumu husimamisha huduma mchezo ukiendelea? Hili la mwisho linaonekana dogo hadi trei ipite mbele ya uso wako glavu ikiwa nusu. Agiza kinywaji mlango unapofunguliwa na kingine mwanzoni mwa mapumziko, maana foleni ya baa hula dakika 15 kati ya zile 20. Ukichelewa, subiri mlangoni hadi mshereheshaji ashike maikrofoni. Ukiingia wakati wa mchezo, wewe ndiye utakayekuwa mchezo.

Kwa anayependa maigizo na amechoka kukaa gizani kama hayupo, usiku wa namna hii una thamani yake yote, na meza ya mbele inastahili ile nyongeza. Kwa kundi lililokuja kusherehekea kwa kelele zao wenyewe, hapana. Watapoteza na watapotezea wengine. Kwa wawili wanaotoka kwa mara ya kwanza, safu ya nne, utepe wa "nisemeshe tu", na msipange jambo lolote baada yake, kwa sababu mtakuwa na mengi ya kuzungumza.

Vaa nguo ya rangi usiyoionea uchungu. Chembe za vimetameta zitakufuata nyumbani, na ukizifuta kwa kitambaa kibichi zitazama ndani ya uzi. Tumia tepu ya kunata, igandamize na kuibandua, kabla nguo haijaguswa na maji.